Tuta Lisilo na Mwenyewe

Nchi ninayotaka kuwasimulia ina jina zuri sana, ila sitalitaja, kwa kuwa jina hilo linabadilishwa Jumatatu na sitaki mtu aje kuniita mwongo. Ni nchi ya amani, na ina barabara moja ya lami. Inaitwa Barabara ya Shukrani. Inaanzia kwenye geti la Wizara ya Mwendo mjini, inakwenda kilomita arobaini na moja bila kona hata moja, na inaishia kwenye geti la nyumba ya kijijini ya Waziri wa Mwendo. Wapo waliouliza kwa nini barabara ya taifa ianzie kwa Waziri na iishie kwa Waziri. Waliuliza mara moja tu.

Mimi nilikuwa karani wa Idara ya Vizuizi katika wizara hiyo. Msinionee wivu. Kazi ile ilitaka mtu mwenye mwandiko mzuri na asiye na maswali mengi, na mimi Mungu alinijalia yote mawili.

Idara yetu ilizaliwa na Sheria ya Usahihi, ambayo ilikuwa na kifungu kimoja: gari la Serikali likiwa katika mwendo haliwezi kukosea. Ni sheria fupi, hata mtoto angeweza kuikariri, na kweli watoto waliikariri shuleni kila asubuhi, mahali pa ile methali ya haraka haraka haina baraka, iliyofutwa vitabuni kwa sababu ya uchochezi wake. Sasa gari halikosei, na bado limelala mtaroni magurudumu juu. Wa kulaumiwa ni nani? Ni kile lilichokigonga. Hapo ndipo tulipoingia sisi na Fomu Namba Tisa.

Fomu hiyo zamani ilianza kwa kuuliza mwendo wa gari. Madereva wakalalamika kwamba swali hilo linawavunja moyo, likaondolewa. Yakabaki maswali ya maana: kizuizi ni nini, kimo chake, rangi yake, kilijificha wapi, na kina lipi la kujitetea.

Tulishitaki vizuizi vingi katika uhai wangu wa kazi. Mfenesi uliosimama hatua sita nje ya barabara ulipatikana na hatia ya kusogea. Ukuta wa zahanati uliulizwa kama unakubali kosa, ukanyamaza, na Jaji akasema kunyamaza ni kukiri. Mto mmoja uliitwa mahakamani mara tatu, haukufika, ukahukumiwa bila kuwepo. Ng'ombe wa mjane mmoja alihifadhiwa kama kielelezo katika jiko la Mkurugenzi, na kesi ilipofika siku ya kusikilizwa kielelezo kilikuwa kimeshaliwa. Palikuwa pia na Kielelezo namba 412, pipa la rangi ya bluu na nyeupe, ambalo sitalizungumzia sasa kwa kuwa halina umuhimu.

Kanuni ilikuwa wazi. Kitu chochote kilichogusana na gari la Serikali kinakuwa kielelezo, na kielelezo ni mali ya Serikali. Kesi ikiisha, kielelezo kinafukiwa chini ya barabara inayojengwa, ili nacho kichangie maendeleo. Aliyekuwa na mali yake anapewa stakabadhi. Hatukumdhulumu mtu.

*

Asubuhi moja ya mwezi wa Machi, Waziri alikuwa anakwenda kijijini kuzindua bomba la maji lisilo na maji. Jina lake Mheshimiwa Daktari Daktari Kanzaga. Alikuwa na udaktari mara mbili: wa kwanza alijitunuku mwenyewe, na wa pili alitunukiwa na yule wa kwanza. Gari lake lilikuwa jipya, jeusi, na thamani yake ilikuwa sawa na dawa za hospitali zote za nchi kwa mwaka mzima, ndiyo maana mwaka ule hospitali hazikuwa na dawa.

Dereva wake aliitwa Chwaya. Zamani Chwaya alikuwa mcheshi, mwimbaji wa taarabu garini hata Waziri akiwa amelala. Ila kwa miaka miwili alikuwa ameacha kuimba, na ukimsalimia alikujibu baada ya kufikiri. Wizara ilimpa cheti cha Dereva Mtulivu.

Kilomita ya ishirini na tatu, spidi mia na sitini, barabara nyeupe kwa jua na tupu kama uwanja. Gari likapanda kitu ambacho hakuna aliyekiona. Likaruka, likatua kwa pua, likabiringika mara tatu, likasimama kwa ubavu katika shamba la mihogo. Waziri alitoka akiwa mzima, akaomba kipaza sauti.

Injinia Tindwa, mjenzi wa barabara ile, alifika na futi yake. Akakuta tuta. Halikuwa tuta la kukata barabara kama matuta mnayoyajua. Lilikuwa dogo, futi tatu na nusu kwa urefu, futi moja na nusu kwa upana, kimo chake shubiri. Lilikuwa katikati, mshazari, kana kwamba lilikuwa na upande wake lilioupenda kulalia. Halikuwa na rangi ya kuonya wala kivuli. Ukisimama hatua kumi huoni kitu. Lami ya juu yake haikuwa na ufa, na Injinia alipoweka kiganja aliona ni vuguvugu, akakiondoa haraka na kukifuta kwenye suruali.

"Nani kajenga hili?" akauliza.

Hakuna aliyejua. Greda likaja likalichonga, tingatinga likashindilia, lami mpya ikamwagwa. Baada ya siku saba tuta lilikuwa palepale, futi tatu na nusu, mshazari uleule. Hatukulijua mpaka gari la pili la Waziri lilipotuletea habari. Likachongwa tena. Gari la tatu lilikatika katikati, na injini ikakutwa kwenye paa la nyumba ya mwalimu.

Mwendeshaji wa tingatinga akaacha kazi. Alisema anaposhindilia pale anasikia kitu kinavuta pumzi. Tukamwandikia barua ya onyo kwa kusikia vitu nje ya saa za kazi.

Na palikuwa na jambo la redio. Gari lolote likipita kilomita ya ishirini na tatu saa moja na robo asubuhi, redio yake inakatika, halafu inasikika sauti ndogo, ya kike, inahesabu. Sita mara nne ishirini na nne. Sita mara tano thelathini. Sita mara sita thelathini na sita. Sita mara saba. Hapo inanyamaza, na wimbo unarudi. Waziri aliisikia kwa masikio yake mwenyewe. Akatoa amri kituo hicho cha redio kisichosajiliwa kitafutwe na kifungiwe mara moja, na walimu wote wa hesabu wa wilaya wahojiwe.

Mimi niliisikia mara moja. Nilizima redio. Sauti haikuzimika mpaka ilipofika pale inapofika.

*

Mkutano wa hadhara ulifanyika uwanja wa mpira. Waziri alihutubia saa tatu na nusu, shingoni amevaa ile kola ngumu ya hospitali.

"Ndugu wananchi," alisema, "magari matatu! Magari yenu, kwa sababu ninayapanda kwa niaba yenu! Tuta halali lina kibali. Lina mchoro. Lina mwenyewe. Tuta lisilo na mwenyewe ni adui anayelala barabarani akisubiri maendeleo yapite! Natoa siku saba. Mwenye tuta ajitokeze alichukue, naye atafungwa miaka saba kwa kila gari. Asipojitokeza, tutamkamata hata kama hayupo!"

Watu wakapiga makofi kwa kuwa askari walikuwa wanaangalia mikono. Tangazo likasomwa redioni kila saa, pamoja na vipimo: futi tatu na nusu kwa moja na nusu. Nikanoa penseli zangu nikasubiri. Siku tano hakuja mtu, na nani angekuja?

Alikuja siku ya sita. Mwanamke wa miaka thelathini na ushei, kanga zake safi, ndala mkononi kwa sababu askari wa getini alimwambia sakafu imepigwa deki.

"Hodi hapa."

"Karibu mama. Shida gani?"

"Nimekuja kwa habari ya tuta. Ni langu."

Kusema kweli nilifurahi. Kesi yenye mwenyewe ni nusu ya kazi. Nikavuta fomu.

"Adhabu yake unaijua? Miaka saba kwa kila gari. Saba mara tatu, mama."

"Nimesikia. Andika tu, kaka yangu. Andika kwamba ni langu, nifungeni, ila kwanza mnipe."

"Tukupe nini?"

"Kilicho changu. Nikakizike nyumbani."

Nikaona huyu jua limemchoma. Lakini fomu ni fomu, nikaendelea na swali linalofuata.

"Tuta ulilijenga kwa kutumia nini?"

"Sikulijenga," akasema. "Nilimzaa."

Kalamu yangu ilisimama. Yeye akavuta kiti akaketi bila kukaribishwa, akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia ndugu aliyesafiri. "Ati ni kweli redio zinahesabu?"

"Watu wanasema mengi."

"Wanasema inaishia sita mara saba."

Nikazipanga penseli zangu upya.

"Ndipo alipokuwa ameishia. Jedwali la sita lilikuwa linamsumbua. Kila asubuhi nilimsindikiza shule tunakariri njiani, mimi mbele, yeye nyuma. Siku ile nilikuwa na mahindi ya watu ya kukoboa, nikamwambia nenda peke yako leo, uhesabu kwa vidole, ukifika shule utakuwa umelijua lote." Akazipanga ndala zake sakafuni. "Mimi ndiye niliyemwambia aende peke yake."

Akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mpaka imekuwa laini kama kitambaa. Ilikuwa nakala ya Fomu Namba Tisa, ya miaka miwili nyuma, wakati barabara ilipokuwa bado inamwagwa kifusi. Hakuhitaji kuisoma. Aliitamka kwa kichwa huku akinitazama.

"Kielelezo namba mia nne kumi na mbili. Kizuizi: pipa. Kimo: futi tatu na nusu. Rangi: bluu na nyeupe. Kilitokea kushoto bila ishara. Madhara: taa moja ya mbele. Utetezi: hakina. Kimefukiwa katika ujenzi." Akaiweka mezani. "Nilipoomba mwili wakanipa hii. Sikujua wamemfukia wapi, mpaka redio ilipotaja vipimo. Na hii sahihi hapa chini, yenye mkia mrefu, ni ya nani?"

Wasomaji wangu, mnisikilize kabla hamjanihukumu. Siku ile ya miaka miwili nyuma nilimuuliza Chwaya kizuizi ni nini, akafungua mdomo hakikutoka kitu. Ikabidi niende mwenyewe. Nilipofika palikuwa na turubai, na turubai lilikuwa limeshafunikwa. Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Pembeni kilionekana kitu cha bluu na nyeupe. Mapipa ya rangi ya wizara yetu ni bluu na nyeupe. Mtu mwenye akili zake angefikiri nini?

"Ni yangu," nikasema, "ila mimi huandika ninayoambiwa."

"Basi leo nakuambia mimi," akasema. "Andika. Zawena. Miaka saba."

Nikaandika jina la mshitakiwa, Mama Zawena, na tarehe ya kesi. Sehemu ya kizuizi niliiacha wazi, nikamwambia wino umekwisha.

*

Mahakama ya Vizuizi ilijaa. Haijawahi kutokea mtu akaja kukiri kwa hiari, na wengine walileta chakula. Mwendesha mashtaka alikuwa anatabasamu tangu mlangoni.

"Jina?" akauliza Jaji.

"Mama Zawena."

"Nauliza jina lako wewe."

"Ndilo ninaloitwa, mzee wangu. Tangu alipozaliwa sijaitwa jingine."

"Unakubali kwamba tuta ni lako?"

"Nakubali. Na magari nakubali. Miaka ishirini na moja nakubali. Mnipe mtoto wangu nimzike, nitarudi mwenyewe jioni mnifunge."

Hapo tabasamu la mwendesha mashtaka likafa. Alikuwa amepiga hesabu. Kama tuta ni la mama huyu, basi ndani ya tuta mna mtoto. Kama mna mtoto, Fomu Namba Tisa ilisema uongo. Kama fomu ilisema uongo, basi kilichogongwa hakikuwa pipa, na gari la Serikali lilimuua mtoto wa shule aliyekuwa pembeni akihesabu vidole, yaani lilikosea. Na gari la Serikali likiwa katika mwendo haliwezi kukosea. Akamnong'oneza Jaji. Jaji akanywa maji.

"Una ushahidi kwamba huyo Zawena yupo?"

Akatoa cheti cha kuzaliwa. Jaji alikiangalia mbele na nyuma.

"Hiki kinathibitisha kwamba alizaliwa," akasema. "Hakithibitishi kwamba aliendelea. Karani!"

Nikasimama.

"Karani, wewe ndiye uliyeandika. Kielelezo namba 412 kilikuwa nini?"

Nilimwona Chwaya mlangoni, kofia mkononi, anaikunja na kuikunjua. Nilimwona Mama Zawena. Nilitegemea atanitazama kwa hasira, na hasira ningeiweza, kwa kuwa watu wengi wamenikasirikia katika kazi hii. Alinitazama kwa matumaini. Alikuwa ananitikisia kichwa kidogokidogo, kama mzazi anayemsaidia mtoto kukumbuka jibu.

"Pipa, Mtukufu Jaji," nikasema.

Hukumu ilichukua dakika mbili. Kwa kuwa kilichogongwa ni pipa, hakuna Zawena. Kwa kuwa hakuna Zawena, hakuna Mama Zawena. Kwa hiyo mshitakiwa hayupo mahakamani, na asiyekuwepo hawezi kumiliki tuta. Ameachiliwa huru, na mahakama inamtakia maisha mema.

"Sitaki!" akapiga kelele. "Sitaki kuachiliwa! Nifungeni jamani, ni wangu, ni wangu yule!"

Askari wawili walimbandua vidole kwenye mlango kimoja baada ya kingine. Nadhani ni mtu wa kwanza katika historia ya nchi yetu kuburutwa nje ya mahakama ili akawe huru. Mimi nilikusanya makaratasi yangu.

Amri ya mwisho ilihusu tuta. Kwa kuwa halina mwenyewe, litalipuliwa kwa baruti Ijumaa saa nne asubuhi, mpaka chini, kisibaki kitu. Mheshimiwa Waziri mwenyewe atabonyeza kitufe.

*

Ijumaa niliwekwa kiti cha mbele cha gari la nne, fomu magotini, kwa ajili ya lolote. Waziri alikaa nyuma na kola yake. Jukwaa, bendi na wananchi walikuwa kilomita ya ishirini na nne, mbali na baruti, maana baruti ilikuwa imeshapandwa kwenye matundu kulizunguka tuta na hakuna askari aliyekubali kukaa karibu nayo. Sisi tulitakiwa tupite. Injinia Tindwa alichora mshale mkubwa wa chaki barabarani, kuonyesha upande wa kushoto uliobaki salama, gari moja tu kwa upana. Waziri alishauriwa apite taratibu, akasema taratibu si sera.

Ilikuwa saa moja na robo tulipokaribia. Waziri alitaka awahi chai kijijini kabla ya kulipua. Nilishika kiti nikasubiri redio ikatike. Haikukatika. Ule wimbo uliendelea kuimbwa hadi mwisho, na mimi nikaogopa kuliko siku zote, kwa sababu nilihisi aliyekuwa anahesabu amenyamaza ili aangalie.

Halafu nikamwona. Mama Zawena alikuwa ameketi juu ya mshale wa chaki, mkono mmoja ameulaza juu ya tuta, miguu ameinyoosha mbele kama mama aliyekaa kwenye mkeka akisubiri mwanawe aamke. Kulia kwetu tuta na baruti. Kushoto mtaro. Hapakuwa na njia ila juu yake.

"Mheshimiwa," nikasema, nikaonyesha kwa kalamu.

Waziri aliinama kati ya viti akaangalia. "Kushoto, Chwaya," akasema kwa upole. "Hili gari ni jipya."

Chwaya alikanyaga breki.

Sikujua kwamba magari yetu yana breki. Nilidhani kile kibati cha kukanyagia ni pambo. Gari lilipiga kelele, likayumba, matairi yakatoa moshi, nikagonga kichwa kwenye kioo. Tulisimama hatua mbili kutoka kwenye nyayo zake. Hakuwa amefumba macho.

"Nani amesimamisha gari?" akauliza Waziri.

"Mimi, Mheshimiwa."

"Kwa nini?"

"Kuna mtu," akasema Chwaya.

Maneno mawili tu. Nilikuwa nimejaza fomu mia sita na kumi na tatu katika idara ile, na sijawahi kumsikia dereva yeyote akiyatamka.

Waziri akanigeukia mimi. "Karani, andika. Kizuizi: gunia. Chwaya, rudi nyuma uchukue kasi."

Nikafungua kalamu. Naungama hilo pia, kwamba niliifungua.

Chwaya akazima gari, akachomoa ufunguo akautia mfukoni. "Hata yule alikuwa mtu," akasema. Aliongea akitazama mbele, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, hakuyafuta. "Nilimwona tangu mbali. Alikuwa pembeni, anahesabu vidole. Nilipunguza mwendo, Mheshimiwa ukaniambia tumechelewa. Nikapiga honi, nikajua atakimbia. Hakukimbia, alikuwa anatafuta jibu." Akanigeukia. "Na wewe, Karani. Ulilifunua turubai. Mimi nilikuwa nimekaa mtaroni, nilikuona ukilifunua."

Basi na niseme. Nimewazungusha tangu mwanzo na mzaha wangu wa mifenesi na mito, na mlicheka, nami nilitaka mcheke. Nilifunua pembe moja. Niliona soksi mbili nyeupe, moja imeteremka mpaka kwenye kifundo, na nikataka kuipandisha. Nikafunika. Nikaandika pipa, kwa mwandiko mzuri, nikaweka sahihi yenye mkia. Usiku ule nilikula nikashiba. Hakuna pipa katika nchi yetu linalovaa soksi, na mimi nililijua hilo kila siku kwa miaka miwili.

"Nilimwona," nikasema.

"Hamkuona!" Waziri alipiga kiti cha mbele kwa ngumi. "Hamkuona kitu! Nchi hii haiwezi kuendeshwa na watu wanaoona!" Akaita askari. Askari walikuwa kilomita moja mbele, nyuma ya mifuko ya mchanga. Akaamuru ufunguo, Chwaya hakumtazama hata kumtazama. Mwisho akafungua mlango mwenyewe, jambo ambalo nadhani alikuwa amelisahau namna linavyofanywa, akashuka. Akawa anatembea kuelekea jukwaani, kwa mara ya kwanza akiikanyaga Barabara ya Shukrani kwa miguu, akichungulia chini kila hatua. Bendi ilipomwona kwa mbali ilidhani ndiyo sherehe, ikaanza kupiga.

Chwaya aling'oa nyaya za baruti moja moja na kuzitupa mtaroni. Akatoa mtaimbo na koleo kwenye buti la gari. Mama Zawena akasogea pembeni kumpisha, akavua kanga ya juu akaitandaza kwenye lami. Mimi nilishuka pia. Sikupewa koleo, nikachimba kwa mikono.

Lami haikubisha. Ilitoka vipande vipande, na chini yake kifusi, na chini ya kifusi lile turubai. Lilikuwa jepesi. Chwaya alipiga magoti akaliinua mpaka usawa wa barabara, na hapo mkono mmoja ukamteleza, upande wa miguu ukaanza kushuka. Nikaruka mbele, nikainama, nikanyoosha mikono nimpokee.

"Wewe usimshike," akasema Mama Zawena.

Hakusema kwa ukali. Alisema huku akipitisha mikono yake mwenyewe chini ya turubai, akilivuta kifuani.

"Wewe ulishamwandika."

Akamfunga kwenye kanga, akasimama, akaiacha barabara na kushika njia ya mguu inayopita shambani. Chwaya akamfuata nyuma, kofia mkononi. Walitembea polepole mpaka mihogo ikawafunika. Mimi nilikuwa bado nimeinama pale kwenye shimo, mikono imenyooka mbele, na sikujua niirudishe wapi.